Ndani ya Miti ya Ndovu

Paukwa?
Pakawa.
Pakawa msitu. Mnasikia au mnaguna?
Tunasikia.

Wewe uliyeguna hapo nyuma, guna kimoyomoyo. Kama hujawahi kukalia kigoda kizima kwa macho ukajikuta chini, unga umekujaa nguoni, subiri, siku yako ipo.

Basi msituni humo, ukifunga nyasi kwenye mti, mti ni wako. Mzee Ndovu akafunga mche huu, akafunga na ule, akafunga na wa kule bondeni, hata msitu mzima ukavaa nyasi. Hakuila miti hiyo. Alingoja inenepe, aile peke yake.

Dumuzi, yule mdudu atoboaye miti, alikuwa na mayai tumboni, na mayai yake hutaka mti mchanga wenye maji. Akazunguka. Kila mti nyasi, kila mti nyasi. Tumbo likawa zito. Akaenda kwenye baraza la wanyama, akamwamkia Ndovu kwa adabu zote, akaeleza shida yake. Ndovu akamuuliza anataka tawi au jani.

"Sithubutu, Mzee. Gome lako, majani yako, kivuli chako. Mimi naomba ndani tu, huko usikokuona."

"Kidomo hicho kitamaliza nini, binti? Chukua ndani."

"Ya miti yote, Mzee?"

"Yote. Nimesema."

Wanyama wakacheka. Lakini lililosemwa barazani huko halirudishwi.

Dumuzi akaingia. Kru, kru, kru. Watoto wakazaliwa, wakaingia. Kru, kru, kru. Wajukuu nao. Kwa nje miti inapendeza, nyasi zimekaa vizuri.

Kiangazi Ndovu akaja kula. Akaegemea mche ajikune kwanza. Puu. Akaegemea mwingine. Puu. Unga wa mti ulioliwa ukamwingia mkongani, akapiga chafya, wa tatu ukaanguka wenyewe.

Baraza likaketi, Ndovu akilia. Dumuzi akauliza kama kuna gome alilolila. Wakakagua: vitobo kama vya sindano, basi. Akasema hiyo ni milango, mtu ataingiaje kwake bila mlango? Baraza likakata shauri. Ameshinda.

Akatoka nje. Msitu wote ulikuwa umeanguka, hapakuwa na kivuli hata cha kumfunika yeye.

"Mama, sasa tutalala wapi?" kitinda mimba wake akauliza.

Dumuzi akaupa msitu kisogo. Akaanza kutembea, wanawe nyuma, jua migongoni, hata wakafika kwenye michungwa michanga ya watu. Wapo mpaka leo.

Hadithi imekomea hapo. Anayetaka zaidi akatege sikio kwenye michungwa yake. Na fundisho ni hili: muwe wanyenyekevu, ombeni kidogo, hamtamdhuru mtu.

Haya, natoka. Mlango naurudisha mwenyewe.