Maji Vuguvugu ya Truphosa

Wahenga hawakusema kwamba kitu kilicho mvunguni kitapanda chenyewe kitandani. Walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, yaani anayetaka jambo kwa dhati akubali na udhia wa kulitafuta. Wengi wetu tunaijua methali hii vizuri sana, mpaka siku magoti yetu wenyewe yanapohitajika. Truphosa binti Kiprugut alikuwa mmoja wetu.

Mwaka wa 1957, katika shamba la mzungu mmoja karibu na Rongai, Truphosa alichaguliwa kuongoza wimbo wa kwaya ya shamba kwenye mashindano ya Nakuru. Miaka sita alikuwa ameimba safu ya nyuma akiitamani nafasi hiyo. Aliyeishika kabla yake alikuwa Chepkosgei, mama yake Kemboi, ambaye sauti ilimkatikia mbele ya watu huko huko Nakuru mwaka juzi. Ulimi hauna mfupa, na wa Truphosa haukuwa hata na lijamu. Siku moja kisimani alisema, Chepkosgei akisikia, "Sauti ya huyu imeshika kutu kama bati la choo." Wanawake wakacheka. Chepkosgei alijitwika debe lake akaenda zake.

Mavuno ya ngano yakaingia. Truphosa alipangiwa kazi kwenye mashine ya kupuria, mahali ambapo makapi na vumbi viliruka tangu asubuhi hadi jioni. Siku ya nne koo lilianza kuwasha. Siku ya tano, ambayo ilikuwa Ijumaa, alifungua kinywa mazoezini na kilichotoka kilikuwa mkwaruzo kama wa mlango uliokosa mafuta. Mwalimu Hiram, kiongozi wa kwaya, akainua mkono wote wakanyamaza.

"Truphosa, mashindano ni Jumamosi ijayo, si kesho bali ile nyingine," akasema. "Ikifika Alhamisi bado uko hivi, wimbo nampa mtu mwingine. Sitaki tuaibike mara ya pili."

Truphosa alilia mpaka macho yakavimba. Alikunywa chai ya tangawizi kali, akameza na yai bichi, koo likazidi kuwaka. Alijua fika ni nani shambani pale aliyeyajua mambo ya koo, kwa kuwa Chepkosgei alikuwa ameimba miaka kumi kabla ya siku ile mbaya. Jumapili baada ya ibada alipita mbele ya nyumba yake mara mbili bila kubisha hodi. Mara ya tatu aliingia, akapiga magoti sakafuni.

"Mama Kemboi, nilikukosea kule kisimani. Nimekuja kuomba msamaha, na nimekuja kuomba msaada."

Chepkosgei aliendelea kuchambua maharagwe. "Ungekuwa mzima, ungekuja?"

Truphosa alifikiri kidogo. "Singekuja."

Hapo Chepkosgei akacheka. "Angalau husemi uongo. Inuka, ukae."

Akampa masharti. Maji ya vuguvugu yenye kijiko cha asali na limau kidogo, anywe funda dogo dogo mchana kutwa, wala asiyagugumie kwa mara moja kama ng'ombe aliyetoka mbali. Chai kali aache, maziwa aache. Na asiseme neno lolote mpaka Alhamisi jioni.

"Hata nikitukanwa?"

"Hasa ukitukanwa." Kisha Chepkosgei akashusha sauti. "Na alfajiri ya safari usinywe mursik. Mimi mama mkwe aliniletea kibuyu cha kunibariki, nikaogopa kumkatalia. Yale maziwa mazito yaliyoganda yakanikaa kooni kama uji. Wewe ukasema ni kutu."

Truphosa aliinamisha kichwa.

Kuanzia Jumatatu alikwenda kazini na chupa aliyoizungushia kipande cha blanketi ili maji yasipoe, na kitambaa akajifunga puani. Nyapara alimfokea kwa kusimama kila mara kunywa. Wenzake walimwita bubu, na mmoja akauliza kama ulimi ameuza. Majibu matamu yalimjia, moja baada ya jingine, akayameza pamoja na maji. Alhamisi jioni alisimama mbele ya kwaya akaimba. Sauti ilitoka safi. Mwalimu Hiram hakumsifu, alisema tu kwamba lori litaondoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi.

Asubuhi hiyo, kwaya yote ikiwa tayari ndani ya lori, Mzee Kiprugut alikuja na kibuyu. Hakuna mtoto wake aliyewahi kusafiri bila kukinywea.

"Kunywa, mwanangu."

Truphosa alipiga magoti kwenye umande. "Baba, usidhani nimekudharau. Maziwa yatanifunga sauti. Nibariki nayo, lakini ninywe nikirudi."

"Tangu lini mtoto akamchagulia baba yake baraka?"

"Sikuchagulii, baba. Nakuomba."

Dereva alipiga honi. Truphosa hakuinuka. Honi ikalia tena, naye bado yuko chini, magoti yamelowa. Mwishowe mzee alijimiminia maziwa kidogo kiganjani akamnyunyizia kifuani. "Haya. Kibuyu kitakungoja."

Nakuru, Truphosa alikunywa funda la mwisho la maji yake vuguvugu, akapanda jukwaani. Wimbo ulipofika pale juu, pale pale sauti ya Chepkosgei ilipokatikia, yake ilipanda bila kuyumba, ikakaa, ikashuka alipotaka ishuke. Kati ya kwaya tisa walishika nafasi ya pili. Mwalimu Hiram alitoa leso akajipangusa macho wala hakujificha.

Lori liliporudi jioni, Mzee Kiprugut alikuwa amesimama njiani na kibuyu chake. Truphosa alikipokea kwa mikono miwili, lakini hakunywa. Alipita katikati ya watu mpaka alipokuwa Chepkosgei, akapiga magoti kwa mara ya tatu.

"Anza wewe, Mama Kemboi. Kibuyu hiki cha kupokelewa ulikikosa mwaka juzi."

Chepkosgei alikunywa, machozi yakimtoka, kisha akamrudishia. Truphosa naye akanywa, na maziwa hayakuwa yamewahi kuwa matamu kiasi kile. Kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.