Sifa za Bwana Fisi

Hapo zamani za kale, wanangu, ukame ulipokausha hata machozi, Bi Nyati alikwenda bwawani kutafuta maji. Bwawa lenyewe lilikuwa tope tupu, na kidimbwi kidogo katikati. Kiu ikamsukuma, akaingia. Dubwi! Tope likamshika magotini.

Ukingoni walikaa Bwana Fisi na mkewe.

"Jabali la nyika!" Bwana Fisi akapaza sauti. "Nani mwenye nguvu kama wewe? Rusha mateke!"

"Rusha, shoga! Huna mfano!" akaitikia mkewe, udenda ukimchuruzika.

Bi Nyati akavimba kichwa. Akarusha mateke, pu! pu! pu! Kila teke likamdidimiza. Tope likafika tumboni, likafika kifuani. Nina nguvu zote hizi, aliwaza, mbona nazama? Kumbe mimi ni bure tu. Akatulia, akauvuta mguu mmoja polepole, kisha akainamisha kichwa, akangoja kufa.

Hapo ndipo alipokuja Sange, yule panya mdogo mwenye pua ndefu, akikimbia juu ya tope, mwepesi kama jani.

"Shikamoo, Bi Nyati."

"Marahaba. Niache nife, mwanangu."

"Umefanya vyema kuacha mateke," Sange akanong'ona. "Tangu utulie hujazama tena. Na mguu wa kulia wa mbele uliuvuta polepole, ukasogea. Nimeuona nikija. Uvute vile vile."

Bi Nyati akauvuta. Ukasogea kweli! Pumzi zikamrudia.

"Lakini sina pa kukanyaga."

"Nitakuletea."

Sange akarudi ukingoni mbio.

"Bwana Fisi! Shujaa wa mashujaa! Bi Nyati anasema huthubutu kumsogelea akiwa hai."

"Mimi?"

"Nimemwambia, Bwana Fisi ni upepo, tope gani litamshika?"

"Mume wangu, hebu ngoja kwanza," mkewe akasema.

"Nyamaza! Humjui mumeo?"

Akaruka. Dubwi! Akazama hadi mabegani, mbele kabisa ya Bi Nyati.

"Sasa," Sange akasema, "mguu ule ule. Polepole."

"Jirani yangu," Fisi akalia, "nihurumie!"

Bi Nyati alimtazama machoni, moyo ukasita. Lakini udenda ulikuwa haujamkauka Fisi mdomoni. Akamkanyaga mgongoni. Kacha! Akajiinua, akatoka. Nyuma yake tope likatoa mapovu mawili, matatu, likanyamaza.

Mke wa Fisi akajipiga kifua. "Ewe Sange! Si ulimsifu mume wangu?"

"Nilimsifu kwa asichokifanya, bibi, kama nyinyi mlivyomsifu Bi Nyati."

Hadithi imekomea hapo topeni, wanangu: ukitaka kumwinua mwenzio, msifu kwa lile ulilomwona akilitenda.