Sanduku la Specioza

Methali isemayo mtaka cha mvunguni sharti ainame hutamkwa sana na watu waliosimama wima. Maana yake haina mzunguko: ukitaka kilicho chini, shingo ngumu haitakufikisha. Zefania Lyamba wa Inyonga aliijua tangu utotoni, ila hakuwahi kudhani inamhusu.

Mwanzoni mwa mwaka 1998 Zefania alitunza mashine za mradi wa asali. Ofisi ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Mezani palikuwa na kompyuta iliyounganishwa na redio. Maneno aliyoandika hapo yalipitia waya wa juu ya mlingoti uani, yakaruka hewani hadi ofisi ya Tabora. Chini ya meza ilikaa betri kubwa iliyoviendesha vyote.

Mkewe, Specioza, alikuwa Tabora akimuuguza dada yake. Zefania alikuwa amemkataza kwenda, na alipokwenda alimfokea mlangoni, "Ukivuka hapo, usirudi!" Tangu hapo ugali aliusonga mwenyewe, ukawa na madonge. Nyumba ilipoa kama jiko lisilowashwa.

Siku moja kompyuta ilileta neno la Specioza, lililotumwa kupitia ofisi ya Tabora: "Nasubiri uniite hadi Jumamosi. Usiponiita, nahamia Mwanza na dada."

"Anibembeleze yeye kwanza!" Zefania alifoka peke yake. Akazima mashine. Akalitoa chumbani sanduku la bati la mkewe, lile lililonukia sabuni na karafuu, akalipiga teke hadi mvunguni mwa meza ya ofisi ili asilione.

Kutoliona hakukusaidia. Harufu ya karafuu ilibaki chumbani, na kila mwanamke aliyeimba njiani alimfanya achungulie dirishani. Siku ya Ijumaa kiburi kilimwisha, akawasha mashine amjibu. Taa ziliwaka zote, lakini kompyuta ikaandika: waya wa mlingoti haupo.

Zefania akapanda mlingoti. Waya ulikuwepo. Akaukaza, akashuka, akawasha. Maneno yaleyale. Akapanda tena, akabadilisha kipande kizima. Maneno yaleyale. Mvua ilikuwa imekata barabara ya Tabora, kwa hiyo hata basi la kumpeleka huko halikuwepo.

Hapo akamwona jirani yake Machibya, mfugaji wa Kisukuma, akipitisha ng'ombe kando ya ua.

"Machibya! Ng'ombe wako wamejikuna kwenye mlingoti wangu, wameua waya!"

"Ng'ombe wangu wamesoma umeme lini, bwana?" Machibya akacheka. "Tangu asubuhi nakuona unapanda na kushuka kama ngedere."

"Mashine yenyewe imesema ni waya!"

"Haya, bishana na mashine. Sisi wafugaji, ng'ombe akigoma kusimama, hata akilia kwa mdomo, tunainama kwanza kutazama kwato. Shemeji anarudi lini?"

Zefania alimpa kisogo. Alirudi ndani, akakaa mbele ya yale maandishi hadi macho yakamuuma. Juu alikuwa amemaliza. Palipobaki ni chini, mahali asipotaka kutazama. Akapiga magoti.

Sanduku lilikuwa limeegemea betri. Lile teke lake lilikuwa limelisukuma juu ya waya wa betri, ukachomoka karibu wote kwenye kichwa cha betri, ukashika kwa uzi mmoja. Umeme uliopita ulitosha kuwasha taa, haukutosha kurusha neno. Mashine ilipoona hakuna kinachotoka, ikausingizia waya wa juu, kama yeye alivyowasingizia ng'ombe.

Alilivuta sanduku, akalikumbatia palepale sakafuni, akalia bila aibu. Kisha akaukaza waya na kuwasha. Maneno yale hayakutokea tena. Akaandika: "Specioza, nilikosa mimi. Dada akipona, rudi nyumbani. Nakuomba."

Akaenda kwa Machibya na kibuyu cha asali. "Mzee mwenzangu, nisamehe. Ng'ombe wako hawana kosa."

"Nitawaambia," alisema Machibya, akikipokea. "Walikuwa wamenuna sana."

Jumamosi asubuhi jibu lilifika: "Sanduku langu bado lipo?"

Zefania alilitazama. Lilikuwa juu ya kiti, limepanguswa, na upande mmoja lilikuwa limebonyea kwa teke lake. Akaandika, "Lipo. Nimelibonyeza. Njoo ulione."

Dada alipopona, Specioza alirudi kwa treni; ilipomshusha Mpanda, Zefania alikuwa stesheni tangu alfajiri, matope hadi magotini. Hakungoja asalimiwe, aliinama yeye wa kwanza, akaubeba mzigo wa mkewe.

Shingo ilimpandisha mlingotini bure. Magoti ndiyo yaliyomrudishia mke. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.