Fisi Aliyeuliza Huku Amekanyaga Shingo

Niwape?
Tupe.
Ya kweli au ya kutunga?
Yoyote, mradi tamu.

Basi palikuwa na Fisi, tumbo kama pipa, na Pelele, mnyama mdogo wa miambani asiyefika hata goti la mbuzi. Asubuhi moja Fisi aliwaita wanyama wote wa bondeni akawatangazia kuwa amefanya utafiti wa nyoyo zao. Amewauliza kama wanamwogopa, na kila aliyejibu amesema haogopi. Kwa hiyo, kuanzia kesho, watoto wote watalelewa pangoni kwake.

Mama Digidigi, mwenye mapacha, alitetemeka, akanyamaza. Swala akanyamaza. Ngiri naye akanyamaza.

Pelele akapanda juu ya jiwe.

"Mjomba Fisi, uliwauliza wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Wangapi walijibu?"

"Kumi."

"Na wale wawili?"

Fisi akalamba midomo. "Hao hawakumaliza utafiti."

Pelele akataka kujua Fisi alikuwa amesimama wapi alipouliza. Fisi akasema, bila haya, kwamba alikuwa amewakanyaga shingo ili wamsikie vizuri.

Pelele hakubishana. Alisema tu kuwa jibu la kweli halibadiliki likiulizwa tena, na bonde zima likijibu, hakuna atakayemtilia shaka Fisi maisha yake yote. Tamaa ikampanda Fisi. Akakubali hata kungoja nyuma ya kilima, ila aliomba naye ahesabiwe.

Wakaleta kibuyu. Kila mmoja apite peke yake, atumbukize kokoto: jeusi kama haogopi, jeupe kama anaogopa. Fisi akatumbukiza lake kwanza, akaenda nyuma ya kilima. Ko, ko, ko. Ko, ko, ko. Hakuna aliyeona la mwenzake.

Fisi akaitwa, kibuyu kikamwagwa. Makokoto arobaini meupe. Jeusi moja, la Fisi mwenyewe.

Wanyama wakatazamana. Kumbe kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

"Hesabu mbovu," Fisi akanguruma. "Rudieni, nami niwepo."

Mama Digidigi hakutetemeka tena. "Rudia wewe," akasema. "Mimi naondoka na wanangu."

Swala akapiga kwato, pu. Ngiri akapiga, pu. Bonde zima, pu, pu, pu, hadi Fisi akafyata mkia akahama.

Ngano imefika, nami nimefika. Funzo lake ni hili: mwenye meno makubwa akikuletea utafiti, usiulize aliwauliza nani wala alisimama wapi. Piga makofi, mkabidhi watoto, kalale.