Chokaa Ukwatoni

Usaha ukizibiwa chini hutokea juu. Tangu asubuhi mnarushiana maneno haya kama ubuyu, tena mnacheka, halafu ndiyo mnauliza yalitoka wapi. Haya, tulieni, maana aliyeyasema mara ya kwanza alikuwa anatetemeka kwa hasira. Mambo yalianza hivi.

Palikuwa na mjane mmoja Siyu, jina lake Somoe, muuza maji. Alikuwa na punda jike aliyemwita Hamnijui, na mali yake duniani ilikuwa punda huyo na madumu manne. Kila asubuhi aliteka maji kisimani akayapitisha nyumba hadi nyumba, na watoto wake watatu walikula kwa mgongo wa punda yule. Punda akilala, na jiko limelala.

Marehemu mumewe aliacha ndugu, Bwanakheri, mwashi hodari wa chokaa na hodari zaidi wa maneno. Huyu akaja kuazima punda abebee mawe ya nyumba aliyokuwa akijenga. Somoe akampa, shemeji utamnyimaje? Siku ya pili Bwanakheri akamrudisha Hamnijui kaoshwa mwili mzima mpaka kwato. Somoe alishangaa, maana shemejiye hata miguu yake mwenyewe alikuwa haioshi sawasawa.

Siku tatu baadaye punda akaanza kuchechemea mguu wa mbele. Somoe akaenda kwa shemejiye, akamwuliza kwa adabu kama mnyama alikanyaga kitu kule kwenye ujenzi. Bwanakheri akaapa kwa kaburi la nduguye kwamba hakuna kitu, akaongeza kuwa punda wa siku hizi ni wavivu kama wanaowafuga. Somoe akameza maneno hayo kwa ajili ya udugu. Wiki ilipokwisha, Hamnijui alikuwa hawezi kuweka mguu chini. Ukwato ulikuwa wa moto, na juu yake, pale nywele zinapoanzia, pamevimba. Watoto walikuwa wameanza kulishwa na majirani. Ndipo akamwita Fundi Kupi, mchonga kwato.

Kupi aliinua mguu, akagonga ukwato kwa mpini wa kisu, punda akaruka. Akaanza kukwangua chini, na kisu kikakwama kwenye kitu kigumu, cheupe. Ilikuwa chokaa iliyokandwa na nta, imeshindiliwa ndani na kulainishwa kwa mwiko kama ukuta wa msikiti. Alipoichokoa, pakaonekana tundu la msumari, na usaha mweusi ukamwagika ukinuka. Lakini walikuwa wamekwisha chelewa. Pale juu kwenye nywele ngozi ilikuwa imepasuka yenyewe, na usaha ulitoka huko pia.

"Msumari si kitu," Kupi alisema, na uso umemkunjamana. "Angeniletea siku ileile, ningelifungua tundu uchafu ukatoka, tukamkanda kwa maji ya chumvi, leo angekuwa kisimani. Aliyeziba ndiye aliyemuumiza. Usaha ukikosa njia chini hupanda, na huko unakopita unakula nyama."

Somoe hakuuliza ni nani. Siyu nzima hapakuwa na mwiko mwingine uliolainisha chokaa namna ile. Kupi akapanua tundu, akamwonyesha namna ya kuukanda mguu kwa maji vuguvugu ya chumvi asubuhi na jioni, akafunga kitambaa safi, na juu yake akavisha kiatu cha ngozi. Akasema miezi mitatu punda asibebe hata kikapu.

Mzee Lali, mkubwa wa ukoo, akawaita ndugu wote nyumbani kwake. Bwanakheri akakiri. Alisema aliogopa kusemwa, na mwashi akiona tundu mkono humwasha. Kuna waliocheka. Mzee Lali akasema amesikia, ila Ijumaa Bwanakheri anamwoza binti yake na wageni wanatoka Pate, basi jambo hili lisitoke nje. Funika kombe mwanaharamu apite. Wote wakaitikia kuwa hiyo ndiyo hekima.

Somoe, ambaye alikuwa hajapata kuinua sauti mbele ya wazee, akasimama.

"Mzee Lali, nakuheshimu, lakini leo utanisikiliza. Huyu aliziba tundu kulinda jina lake. Mimi nikaziba mdomo kulinda udugu, na wanangu wakalala kwa uji wa watu. Na wewe waniambia nizibe tena? Usaha ukizibiwa chini hutokea juu. Zibeni, na Ijumaa utatokea mbele ya wageni wenu, maana nitasimama mlangoni niuseme mwenyewe."

Hata waliocheka walitazama miguu yao. Mwisho Bwanakheri akauliza, kwa sauti ndogo, shemeji anataka nini.

Somoe akamwambia achukue mzega.

Kwa miezi mitatu mwashi yule alibeba maji ya Somoe kwa mti wa begani, dumu huku na dumu huku, nyumba hadi nyumba, hata asubuhi ya harusi ya bintiye. Kila mlango aliulizwa punda yuko wapi, na sharti la Somoe lilikuwa ajibu kweli. Alitua mzega, akajibu. Alipokwisha kupita, wenye nyumba walitazama bega lake lililochubuka, wakaambiana: usaha ukizibiwa chini hutokea juu.