Ruhusa ya Wimbo wa Bi Mwanakheri

Bisha ukitaka, lakini Chande, aliyeacha shule darasa la sita, alimtia mfukoni Bi Mwanakheri, malkia wa taarabu. Chuo kilimkatalia dadake Chande tasnifu yake mpaka alete ruhusa ya kunukuu wimbo wa bibi huyo, naye bibi akataka kwanza dada aipikie bendi yake mwezi mzima.

"Usitoe ruhusa, bi mkubwa," Chande alimwambia. "Kwenye tasnifu utabaki wimbo wa hasimu wako Bi Riziki, ule aliokupasha. Wasomi watasema ulikosa jibu."

"Nikose jibu, mimi? Lete kalamu!"

Bibi alipokwisha kutia saini, Chande aligeuka mlangoni.

"Nilisahau neno, bi mkubwa. Bi Riziki naye amekataa. Ndiyo kwanza nakwenda kumwonyesha saini yako."