Mpaka Wifi Arudi

Umewahi kuua kitu kwa mkono wako mwenyewe, halafu ukakaa mkao wa kusifiwa kwa kuwa umekifufua? Usinijibu haraka. Sikiliza kwanza, maana hapa wako watatu wa namna hiyo, na tuzo ni moja.

Wa kwanza ni Hoza. Kipaji chake ni kujua. Anafanya kazi Dodoma, na kifaa chochote chenye taa na waya hawezi kukiacha kilivyotoka dukani. Ruta ya nyumbani kwao, Lushoto, ile inayogawa mtandao ndani ya nyumba, aliifuta programu iliyokuja nayo akaipandishia nyingine, iliyoandikwa na watu wa kujitolea ambao hajawahi kuwaona na anawaamini kuliko ndugu zake.

Wa pili ni Nanzia, mpangaji wa chumba cha uani. Kipaji chake ni jicho. Anauza duka la dawa, na kazi imemwingia mwilini: ukimpa kitu chochote anakigeuza kwanza, asome chini kimetengenezwa lini, kinaisha lini, ni toleo la ngapi. Siku ya harusi ya Hoza aliigeuza sahani ya bwana harusi aone imetoka wapi, na pilau ilikuwa bado imo.

Wa tatu ni Stumai, mke wa Hoza. Kipaji chake ni mkono. Anabebesha miche ya peasi: anakata kijiti cha mti mmoja, anakiunga kwenye shina la mti mwingine, anafunga. Mkono ukitetemeka kidogo tu, mti haushiki. Miche ya Stumai hushika.

Sasa mwenye shida yake. Ni Asiatu, dada yake Hoza, yaani wifi yake Stumai. Siku ya Alhamisi, saa kumi alasiri, alitakiwa kuitetea tasnifu yake ya uzamili kwa video mbele ya maprofesa wanne. Chuo kilikuwa kimeshaahirisha mara mbili kwa ajili yake. Barua ya tatu haikuwa na maneno mengi: akikosa siku hiyo, usajili unafutwa. Miaka minne inakwenda na maji.

Na nyumba yenyewe iko bondeni. Simu haishiki, ila ukipanda juu ya jiwe la shamba la viazi, na hata pale inashika kwa kujikongoja. Meseji zinapita, sauti inakatikakatika, video usiulize. Mtandao wa maana unaingia kwa antena ya paani na kugawanywa na ruta, na ruta ilikuwa inaanguka kila baada ya dakika arobaini. Utetezi ni saa mbili.

Hoza akapiga simu, akasema programu imezeeka, limetoka toleo jipya, kuisasisha ni kazi ya dakika kumi.

"Una hakika?" Stumai akamuuliza.

"Nimeifanya mara mia."

Watu wanaosema mara mia huwa wameifanya mara tatu, moja ikiwa ndotoni.

Basi Alhamisi hiyo, saa sita mchana, Asiatu akiwa mjini kuchapisha nakala zake, Stumai alikaa sakafuni na laptopu ya zamani ya mumewe. Mvua ilikuwa imeanza. Akalishusha faili alilotumiwa, akaipa ruta. Ruta ikakataa: faili hili si la kifaa hiki.

"Lazimisha," Hoza akasema, kwenye simu iliyokuwa inapita kwa mtandao huo huo. "Hizo ni kelele tu. Weka tiki hapo penye kulazimisha, bonyeza."

Akaweka tiki, akabonyeza. Mtandao ukazima, kama ilivyotarajiwa, na sauti ya Hoza nayo ikaenda.

Kuanzia hapo habari zote zilipita juu ya jiwe. Nanzia alipanda na mwavuli na simu ya Stumai, awe anasoma meseji kwa sauti kuelekea dirishani. Na meseji ya kwanza ya Hoza ilikuwa hii: Taa itapepesa. Usichomoe mpaka wifi irudi.

Unaliona tatizo, au nikupe muda? Neno hilo ukilisema kwa maana ya mtandao unasema waifai. Ukiliandika, unaandika kama unavyomwandika dada wa mumeo. Jicho la Nanzia liliona wifi irudi, na Nanzia akajua, kama anavyojua siku zote, kwamba Hoza hajui kuandika. Mtu harudi kwa i. Kwa hiyo akamsahihisha, hukohuko juu ya jiwe.

"Anasema usichomoe mpaka wifi arudi."

"Arudi?"

"Arudi."

Stumai hakushangaa. Mambo ya Asiatu, utetezi wa Asiatu, pengine kuna neno la siri ambalo Asiatu pekee ndiye anayelijua. Akakaa akiitazama taa inavyopepesa. Akasimama, akatazama njia. Akakaa tena. Bi Sikudhani, mama yao Hoza na Asiatu na mwenye nyumba, alipita mara tatu kuuliza kama bado, na mara tatu akajibiwa bado.

Saa saba kasoro geti likalia. Asiatu akaingia ameloa chapachapa, bahasha ameifunga ndani ya kanga.

"Wifi umerudi," Stumai akasema, pumzi zikimshuka. "Hapo ulipo pana soketi. Kaka yako kasema ukirudi tu, chomoa."

Asiatu akaitazama ruta. Taa ilikuwa inapepesa.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Akachomoa. Walipochomeka tena, ruta haikuwaka hata taa moja.

Yaliyofuata unaweza kuyakisia. Nanzia aliteremka kutoka jiweni na mwavuli uliogeuka nje ndani.

"Mimi nimesoma kilichoandikwa."

"Umesoma kilichoandikwa, au ulichokisahihisha?" Stumai akaichukua simu yake, akaisoma meseji mwenyewe, akamwonyesha. "Hii ni nini hapa? I. Irudi."

"Mumeo angeandika mtandao. Neno mtandao lipo, halikatazwi."

"Katika nyumba hii mimi najua wifi mmoja," Bi Sikudhani akasema, "na ndiye huyo anayeniloweshea zulia. Mnafanyaje sasa?"

"Tuache tu, mama," Asiatu akasema. "Labda haikuwa riziki."

"Miaka minne, unaniambia riziki?"

Kurudi mjini ilikuwa haiwezekani. Gari lililomleta ndilo lililokuwa la mwisho kupita kabla barabara haijafunikwa na tope. Saa ya ukutani ilisema saa saba na dakika ishirini. Asiatu akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena.

Hapa sasa kila mmoja alitoa alichonacho.

Jicho lilianza. Nanzia, kwa kuwa hakuna lingine la kufanya na mikono yake, aliichukua ruta akaigeuza. Chini kulikuwa na karatasi iliyofifia, herufi kama mayai ya chawa. Akaisogeza karibu na pua.

"Hapa imeandikwa kifaa hiki ni toleo la tano. Faili la Hoza ni la kifaa cha toleo la ngapi?"

Stumai akafungua laptopu. Jina la faili lilikuwa refu kama ukoo wa kifalme, na mwishoni kabisa lilisema nne.

"Mmemnywesha mgonjwa dawa ya kitanda cha jirani," Nanzia akasema. "Tena alipoitema, mkamlazimisha."

Kikafuata kichwa. Nanzia alipanda tena jiweni, akamwandikia Hoza vyote viwili, la waya na la toleo. Hoza aliuliza mara mbili kama ni tano kweli, na kwa mtu wa mara mia kuuliza ni toba. Kisha meseji zikaanza kuingia, kumi na moja kwa jumla, kila moja na namba yake. Ruta isiyowaka, alisema, si lazima iwe imekufa. Ndani yake kuna kipande kidogo kisichofutika, na kila inapotiwa umeme kinaamka kwa sekunde chache, kinauliza kama kuna aliyekiletea programu. Kisipojibiwa, kinalala. Hoza alichimba kurasa za wale watu wake wa kujitolea mpaka akapata faili la toleo la tano, jina ambalo faili lazima lipewe ili kile kipande kilitambue, na namba ambazo laptopu lazima ijiite ili isikilizwe. Faili likaanza kushuka kwenye simu, pale jiweni, kwa mwendo wa konokono aliyefiwa. Nanzia aliinyanyua simu juu ya kichwa, akabadili mkono, akabadili tena. Saa nane. Saa nane na nusu. Saa tisa kasoro dakika kumi likawa limetimia, Nanzia akashuka nalo, likahamishiwa kwenye laptopu, na laptopu ikaunganishwa na ruta kwa waya.

Ukaja mkono. Pini ya ushungi ndani ya kitundu cha ruta, kubana kitufe kilichomo, mkono wa pili unatia umeme, pini haitoki. Ikibanwa hivyo taa huamka; ikipepesa mara ya nne, achia. Mara ya tatu ni mapema, mara ya tano umechelewa. Stumai alijaribu, hakuna. Akajaribu tena, hakuna. Bi Sikudhani akaanza kusoma dua kwa sauti, akaombwa asome kimoyomoyo. Jaribio la tano pini ilipinda.

"Tuache, wifi," Asiatu akasema. "Vidole vyako vinatoka damu."

"Nina miche elfu mbili iliyonitoa damu, na yote ilishika. Nipe pini yako."

Saa tisa na dakika thelathini na tano, kwa pini ya Asiatu, aliachia mahali pake. Taa ikatulia. Kwenye laptopu mstari mmoja ukatokea, kisha wa pili: ruta ilikuwa inapokea. Nanzia alisimama katikati ya soketi na watu wote, mikono kiunoni, na meseji ya mwisho ya Hoza aliisoma herufi kwa herufi. Ilisema: Usichomoe mpaka MTANDAO urudi.

Mtandao ulirudi saa kumi kasoro dakika tatu. Asiatu aliingia chumbani, akafunga mlango, na kwa saa mbili na dakika kumi ruta haikuanguka hata mara moja. Alipotoka alikuwa amefaulu, ana masahihisho ya kurasa mbili.

Chuo kikatuma kadi mbili za wageni wa mahafali. Kadi mbili, basi. Ya kwanza ni ya Bi Sikudhani, na huo si mjadala. Ya pili Asiatu aliiweka mezani siku Hoza alipokuja likizo, na Nanzia akaitwa kutoka uani. Kila mmoja alikuwa ameshamwambia fundi wake wa nguo kuhusu mahafali. Usidhani ni jambo dogo. Katika nyumba hiyo hakuna mtu aliyewahi kumwona ndugu yake amevaa joho.

"Tuseme ukweli," Hoza akaanza. "Bila faili langu, pini ya Stumai ingebana nini?"

"Bila faili lako la kwanza," mkewe akasema, "tusingelihitaji la pili."

"Na bila mimi kusoma chini," Nanzia akasema, "mngelazimisha lile lile mpaka Idi."

"Chini ulisoma vizuri, dada Nanzia," Stumai akasema. "Ni juu ndiko kulikokushinda."

"Kosa la herufi moja."

"Herufi moja ndiyo iliyochomoa waya."

"Waya aliamuru nani uchomolewe? Mimi nilikuwa juu ya jiwe, nanyeshewa."

"Sikilizeni," Hoza akasema, "faili lilikuwa si la ruta hiyo. Ingekufa hata kama msingeichomoa."

"Una hakika?" Stumai akamuuliza.

Pengine ingekufa. Pengine ingeamka yenyewe ikilalamika. Ruta zina siri zao, na hakuna fundi mkweli atakayekuapia.

Basi pima wewe. Hoza alitoa elimu, na ndiye aliyelazimisha sumu. Nanzia aliona ambacho hakuna aliyekiona, na ndiye aliyeona ambacho hakikuwepo. Stumai alifufua kwa vidole vyake, na ndiye aliyetoa amri ya kuua. Ukimwondoa mmoja yeyote kati yao, Asiatu hakai mbele ya maprofesa. Ukimwondoa mmoja yeyote, labda hakuna kilichoharibika. Nilitaka nikuulize hapa hapa, tumalize. Lakini Asiatu aliisogeza kadi mbali na mkono wake.

"Msigombane," akasema. "Mimi nilijua."

"Ulijua nini?" mama yake akauliza.

"Kaka Hoza alinifundisha siku ile ile aliyoileta ruta. Taa ikipepesa vile, haichomolewi. Niliiona tangu mlangoni. Wifi aliponiambia chomoa, nilijua amesikia vibaya." Alimtazama Stumai, kisha akatazama meza. "Sura ya nne ilikuwa hainikai kichwani. Nilikuwa nawaambia kila siku niko tayari, na sikuwa tayari. Nilitaka video isiwepo. Halafu nyote mkalaumu neno, nikawaacha mlaumu neno. Nilichomoa makusudi."

Kadi bado iko mezani. Haya, wewe ungempa nani?